Kusachi majibu ya zamani JamiiForums (JF), Telegram na kwingineko kabla hujaandika "wakuu msaada"

Wakuu, kuna hii kitu inajirudia kila siku kwenye majukwaa na magrupu. Mtu anaingia anauliza Toyota IST yake inachemsha afanyeje, anajibiwa kwa mkato "tafuta, kuna uzi humu", anapotea kidogo anarudi anasema nimetafuta sijaona. Na mara nyingi hadanganyi, kweli katafuta. Uzi upo, tena mzuri, kuna fundi alikaa akashusha nondo aya sita, ila jamaa kwenye kile kiboksi cha kutafutia kaandika "kwa nini gari langu linapata joto kupita kiasi", na mtu ambaye gari inamchemkia hawezi kuandika Kiswahili cha hivyo hata siku moja, huyo yuko pembeni ya barabara Kimara na boneti iko juu.

Nitaegemea zaidi JamiiForums sababu ndo kongwe, ilianza 2006 ikiitwa JamboForums na 2008 ikawa JamiiForums, kwa hiyo kuna madini ya Kiswahili ya karibu miaka ishirini mle ndani ambayo huyapati kwenye kitabu wala YouTube. Ila mbinu nyingi zinafanya kazi popote, na Telegram, WhatsApp na Facebook nitazigusa huko chini.

Andika kama aliyeshikwa na tatizo

Hili ndo kubwa kuliko yote mengine. Mashine ya kutafutia haijui unamaanisha nini, inajua herufi ulizoandika tu basi. Sasa kabla hujagusa kiboksi jiulize, yule aliyepata shida hii kabla yangu alikuwa na simu mkononi, ana haraka, kachanganyikiwa, aliandikaje? Hakuandika swali la mtihani. Kaandika "inachemsha", mwingine kaandika "ina overheat", mwingine "temp inapanda", mwingine "mshale unapanda", mwingine "inamaliza maji", mwingine "feni haizunguki". Kila moja ya hizo inakuletea watu tofauti na nyuzi tofauti, kwa hiyo usijaribu moja ukakata tamaa, jaribu zote moja moja. Na maneno yawe mawili au matatu, basi. "IST inachemsha" inatosha kabisa. Ukiandika sentensi nzima unakuwa unaibana mashine itafute uzi wenye maneno yote hayo na hautakuwepo.

Nichukue kuku maana huko ndo utaona vizuri zaidi. Kuna ugonjwa mmoja unaomaliza kuku wa kienyeji banda zima, ila una majina kibao: wengine wanauita mdondo, wengine kideri, wasomi na maduka ya dawa wanaandika Newcastle, na mfugaji mpya ambaye hajui jina lolote anaandika "kuku wangu wanazungusha shingo" au "wanaharisha kijani" au "wanasinzia na kufa ghafla". Ukisachi mdondo peke yake umekosa nusu ya mazungumzo. Na angalia kitu kingine hapo: anayeandika dalili ni muuliza swali, anayeandika jina la ugonjwa ni mtu mwenye majibu. Kwa hiyo unasachi mara mbili, kwanza kwa dalili ili umpate mwenzio mwenye shida kama yako, unasoma majibu aliyopewa unaokota jina la ugonjwa, alafu unasachi upya kwa hilo jina, na hapo ndo unakutana na wafugaji wazoefu wanaongelea chanjo na ratiba zake. Hiyo mizunguko miwili ndo siri ya watu ambao unawaona wanapata kila kitu. Kuhara damu nako ni hivyo hivyo, ukisoma kidogo utakutana na neno koksidiosisi na wengine wanaliandika kwa kiingereza kabisa, basi unahama nalo, unajaribu tahajia zote mbili.

Kuna maneno mengine ambayo hayahusiani na tatizo lako lakini yanasaidia ajabu: msaada, ushauri, wakuu, wadau, mwenye uelewa, naombeni. Ukiyaongeza kwenye sachi ya Google unakuwa umeiambia sitaki habari za magazeti wala matangazo, nataka watu wanaongea. Jaribu "mdondo kuku" alafu jaribu "wakuu msaada mdondo kuku" uone tofauti. Na upande wa pili yapo maneno ya watu waliopona, "imekubali", "nimefanikiwa", "asante mkuu", "tatizo limeisha", "imetulia". Weka "inachemsha" pamoja na "asante mkuu" uone, utaibuka kwenye kurasa ambazo mtu karudi kushukuru, na mtu akirudi kushukuru ujue hapo juu yake kuna jibu lililofanya kazi.

Kiswahili chetu na hizi mashine

Hapa wengi hawapajui. Mashine ya ndani ya jukwaa mara nyingi inalinganisha neno zima kama lilivyo. Kwa kiingereza haina shida sana sababu maneno yao yanabadilika mwishoni, ndo maana majukwaa mengi yanakuruhusu kuweka nyota mwisho wa neno na inakuletea vimalizio vyote. Sisi vitenzi vyetu vinabadilika zaidi mbele: kufuga, nimefuga, anafuga, wanaofuga, niliyefuga, tunaofugia. Nyota ya mwisho haikusaidii chochote na nyota ya mbele majukwaa mengi hayaikubali. So ukisachi "kufuga" zile nyuzi za "nimefuga kuku 300 nimepata hasara" haziji kabisa, na hizo ndo tamu.

Dawa yake ni kukimbia vitenzi. Tafuta kwa majina ya vitu: banda, chotara, kroila, vifaranga, chanjo, mashine ya kutotoleshea. Jina la kitu halivai "nime" wala "ana". Lakini hata majina yana vituko vyake, mtu mmoja anaandika gari mwingine magari, shamba na mashamba, yai na mayai, kwa hiyo umoja na wingi jaribu vyote. Na ng'ombe huyo ni balaa, kuna wanaoweka kile kidude cha juu, kuna wanaoandika ngombe, na simu nyingine zinaweka kidude kilichopinda ambacho kwa mashine ni herufi nyingine kabisa. Tafuta "maziwa" au "friesian" au "mtamba" uachane na ng'ombe mwenyewe.

Alafu kuna uandishi wa mtaani, xaxa, cjui, nlikua, hv, kwl. Huwezi kusachi tahajia zote hizo ukamaliza, na hii nayo ni sababu ya kuchagua neno ambalo halina namna ya kufupishwa. Namba hazifupishwi. Jina la dawa halifupishwi sana. Kodi ya kosa (code, siyo ya TRA) haifupishwi.

Hapo kwenye kodi ngoja nikae kidogo. Gari ikipimwa kwa mashine inatoa kodi kama P0420, basi sachi hiyo kodi peke yake, usiandike "taa ya injini inawaka" ambayo inaleta dunia nzima. Simu vilevile, usiandike "Samsung yangu", ingia kwenye mipangilio uchukue namba ya modeli inayoanza na SM, sababu Samsung A15 kwa mfano zipo za aina kadhaa na suluhisho la hii linaweza lisiwe la ile. Kompyuta ikitoa maneno ya kosa yakopi kama yalivyo. Na kwenye magari kuna uhondo mwingine, acha jina la gari tafuta jina la injini. IST yenye chasisi ya NCP60 inatumia injini ya 2NZ ya cc 1300, ile ya NCP61 inatumia 1NZ ya cc 1500, na hiyo 1NZ ndo hiyo hiyo utaikuta kwenye Vitz za cc 1500, Probox, Raum, Fielder mpaka baadhi ya Premio na Allion. Sasa mwenye IST anayesachi "IST" tu amejifungia, wakati mwenye Probox wa Mbeya alishauliza swali lilelile akajibiwa vizuri, ukisachi "1NZ" unawapata wote. Tena utakuta na ule ubishi wa kutoa thermostat (kile kidude kinachoratibu joto la maji ya injini), mafundi wetu wengi gari ikichemsha kitu cha kwanza wanang'oa thermostat wanasema huku kwetu joto haina kazi, na wengine wanapinga vikali kwamba injini haitafika joto lake la kufanyia kazi na mafuta itakula zaidi. Soma pande zote mbili kabla hujampa fundi spana. Mimi niko upande wa wanaopinga.

Google ndo mlango wa nyuma

Kiboksi cha ndani ya jukwaa kina mapungufu. Baadhi ya mashine zinapuuza maneno ya herufi tatu kushuka chini, na sisi maisha yetu yote ni herufi tatu, IST, TIN, TRA. Kikigoma usipoteze muda, nenda Google uandike hivi:

site:jamiiforums.com IST inachemsha

Baada ya nukta mbili usiache nafasi, ukiacha haifanyi kazi. Hii inaiambia Google itafute ndani ya hiyo tovuti tu. Ukitaka maneno yakae kwa mpangilio huo huo yawekee alama za kunukuu, "inamaliza maji", bila alama Google inajifanya inajua ulichotaka na kukuletea vitu vya mabomba ya DAWASA. Ukitaka neno moja au jingine weka OR kwa herufi kubwa:

site:jamiiforums.com mdondo OR kideri OR newcastle chanjo

Na ukitaka kuondoa kitu weka alama ya kutoa imegusana na neno. Hii kwenye magari, simu na viwanja ni lazima kabisa, maana ukitafuta IST unapigwa na matangazo ya kuuza mpaka unachoka:

site:jamiiforums.com IST tatizo -inauzwa -nauza -bei

Kuna na intitle: ambayo inatafuta kwenye kichwa cha uzi tu, nzuri ukiwa na neno la kawaida mno kama "mkopo" ambalo kila mtu kalitaja mahali fulani. DuckDuckGo nayo inaelewa site: kwa hiyo Google ikikuletea pumba jaribu huko. Na yale majibu ya AI yanayojitokeza juu kabisa siku hizi, kwa mambo yetu ya bei na taratibu za ofisini usiishie pale, yanachanganya uzi wa 2014 na wa juzi kwenye aya moja na wewe huwezi kujua kipi ni kipi. Bofya uingie ndani.

Tarehe, tarehe, tarehe

Majibu mengi ya zamani yalikuwa sahihi siku yalipoandikwa. Shida ni kwamba dunia imehama. Mfano mzuri kuliko yote ni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Mita za token (zile namba unazopewa ukinunua umeme) zinahesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia iliisha tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima siyo Tanzania peke yake, kwa hiyo mita ambazo hazikuboreshwa kabla ya hapo zinakataa umeme mpya mpaka uingize zile namba za kuboresha kwanza, ndo maana watu walipewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, mawili ya mwanzo ya kuboresha mita na la tatu ndo umeme wenyewe. Sasa ukisachi "LUKU inakataa token" ukaangukia uzi wa 2017 utaambiwa labda umekosea namba ya mita, labda betri, labda mita ina deni. Hakuna hata mmoja atakayekwambia habari ya kuboresha sababu wakati ule ilikuwa haipo. Hapo unaongeza tarehe:

site:jamiiforums.com LUKU token after:2024-10-01

Na kuna before: pia ukitaka vya nyuma. Mfano unataka kujua watu walisema nini tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, kabla hazijapunguzwa Septemba mwaka huohuo, unaweka after:2021-07-01 before:2021-09-01 na unapata hasira zote za wakati ule zikiwa bado za moto. Ila ukitaka kujua leo utakatwa shilingi ngapi ukituma hela, usiguse kabisa nyuzi za 2021.

Majina nayo yanahama. Tigo Pesa tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas, so tatizo la zamani lisachi kwa jina la zamani na tatizo jipya kwa jina jipya, na kuna watu mpaka leo wanaandika Tigo na wataendelea mpaka kiama, kwa hiyo weka OR. Ndugu zetu wa Kenya wana hii ya bima ya afya, NHIF ambayo Oktoba 2024 ilipisha SHA, maelfu ya maelekezo ya NHIF bado yanaelea mtandaoni na yanaonekana mazuri kabisa, ukiyafuata unafika kwenye mlango uliofungwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole huku Bongo ndo hivyo hivyo, makelele mengi ni ya 2019 na Januari 2020 wakati wa kuzimiwa laini.

Angalizo, hizo after na before za Google siyo za kuamini asilimia mia. Uzi ulioanza 2012 ukachangiwa jana, Google inaweza kuuona wa 2012 au wa jana, inategemea. Ukishafungua angalia tarehe ya kila bandiko lenyewe, ipo pale juu au chini ya ID, yaani jina la mwanachama.

Ndani ya jukwaa lenyewe

JF kama majukwaa mengi makubwa inatumia programu ya XenForo, kwa hiyo ukijua hapa umejua na kwingine. Ukibofya lenzi (ile alama ya kutafuta) usiishie kwenye kiboksi kidogo, nenda kwenye ule utafutaji wa kina. Mle unaweza kusema tafuta kwenye vichwa tu, unaweza kuchagua jukwaa dogo, unaweza kuweka tarehe, unaweza kuweka jina la mwanachama. Kuchagua jukwaa kunasaidia sana kwa maneno yenye maana mbili tatu: "presha" kwenye JF Doctor ni mgonjwa, sehemu ya magari ni tairi, na kwenye Siasa ni chama fulani kimepata presha. "Ndui" kwenye Kilimo, Ufugaji na Uvuvi ni ya kuku. Unaelewa.

Kile kisehemu cha jina la mwanachama watu wanakidharau wakati ndo chenye nguvu kuliko vyote. Matumizi yake ni mawili. La kwanza, ukishakutana na mtu mmoja ambaye anajua kitu kweli, fundi, daktari wa mifugo, mwanasheria, weka ID yake na neno unalotaka, utapata kila alichowahi kusema juu ya hilo, na mara nyingi jibu zuri kalitoa kwenye uzi ambao kichwa chake hakina uhusiano wowote. La pili, ukikuta mtu kauliza swali lako hasa na uzi ukafia njiani bila jibu, sachi ID ya huyo muulizaji. Watu wanauliza, wanapata suluhisho kwingine, alafu mwaka unaofuata wanamwelekeza mwenzao kwenye uzi mwingine kabisa, "mimi pia ilinitokea nikabadilisha kitu fulani ikapona". Hutaupata kwa njia nyingine.

Uzi wa kurasa sitini

Umeupata uzi, una kurasa sitini, na una bando la saa moja. Usianze kusoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, utakufa. Soma bandiko la kwanza lote, sababu wenye nyuzi wengine wanarudi kulihariri wanaongeza majibu pale pale juu. Alafu ruka mpaka ukurasa wa mwisho urudi nyuma kama kurasa mbili tatu, hapo utajua jambo liliishia wapi na kama bado ni la leo. Katikati ndo kwenye mtafaruku, uzi wa dawa ya mende ukifika ukurasa wa kumi na tano utakuta wanabishana Simba na Yanga na mtu kashatukanwa ukoo mzima.

Ili kuchomoa kilichomo katikati, kwenye lenzi ukiwa ndani ya uzi chagua itafute kwenye uzi huu tu. Kama haipo tumia ile ya browza, kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, kwenye simu Chrome gusa nukta tatu pale juu kuna kutafuta kwenye ukurasa, iPhone ipo kwenye kitufe cha kushea. Ila hiyo ya browza inaona ukurasa uliofunguka tu, kurasa nyingine hamsini na tisa haizioni, so usije ukasema haimo.

Na picha zilizokufa, linki zilizooza? Kopi anwani ya ukurasa uipeleke web.archive.org, ni maktaba ya Internet Archive inayohifadhi kurasa za mtandao, ukiwa na bahati kuna nakala ya siku ile. Haihifadhi kila kitu, lakini nimeshaona orodha nzima za bei na fomu ambazo wenye nazo walishazifuta zikiwa bado zimekaa pale. Ukiona kwenye JF kuna kapengo mwezi Juni 2018 usishangae, ilizimwa kwa muda zile kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kubana.

Kupata siyo kuamini

Umepata jibu, sasa lipime. Kwa kuku, mdondo ni kirusi, hauna dawa ya kuutibu, kinga yake ni chanjo kabla haujaingia. Kwa hiyo uzi wowote unaosema kuna dawa inaponya kabisa mdondo nipigie namba hii, ujue huyo ana kitu cha kuuza. Wale wa shubiri na pilipili kwenye maji siwapingi kwa ubaya, wengine wanaongea kwa nia njema, ila hesabu ni watu wangapi tofauti wamesema imefanya kazi, na uangalie ID zenyewe. ID iliyofunguliwa mwezi uleule wa uzi, ina mabandiko manne, yote yanasifia bidhaa moja, hiyo achana nayo. Na namba za simu za mawakala, madalali na "mtu wangu yupo ndani ya ofisi" kwenye nyuzi za zamani usizipigie kabisa, laini inaweza kuwa imeshahamia kwa mtu mwingine, na hata kama ni yuleyule ndo hatari zaidi.

Ninachokiamini zaidi ni mtu anayetaja alichojaribu kikashindikana. Anayesema "nilibadilisha rejeta haikusaidia, nikabadilisha feni haikusaidia, mwisho ikawa gasiketi" huyo kapita njia yote, kakuokolea hela ya vitu viwili.

Telegram, WhatsApp na Facebook

Telegram iko vizuri. Fungua grupu, gusa nukta tatu, tafuta, na pale chini au pembeni ya kiboksi kuna alama ya kalenda ya kurukia tarehe na alama ya mtu ya kuchagua nani aliandika. Kama grupu linaruhusu historia unaona mpaka vya kabla hujajiunga. Hapo pia fikiria mafaili, grupu la walimu au wanachuo lina PDF kibao, ingia kwenye taarifa za grupu kuna sehemu ya mafaili na ya linki, sachi huko huko badala ya kuskroli.

WhatsApp ni ngumu zaidi maana inatafuta kilichomo kwenye simu yako tu. Ulichofuta kimeenda, na ya kabla hujaingia kwenye grupu kwa kawaida huna. Ila ukisachi kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa badala ya ndani ya chati moja inatafuta kwenye magrupu yote kwa mpigo, na unaweza kuchuja picha tu, linki tu au nyaraka tu, na ndani ya chati ipo kalenda ya kurukia siku. Sauti ndo msiba. Mashangazi zetu wanatoa ushauri wa dhahabu kwa voisi ya dakika saba na hakuna wa kuisachi, kwa hiyo ukiisikiliza ya maana iwekee nyota hapo hapo au jibu chini yake kwa maneno mawili matatu, "chanjo ya vifaranga, siku ngapi", kesho ukisachi hayo maneno yatakupeleka kwenye voisi yenyewe.

Facebook magrupu yaliyofungwa Google haiyaoni kabisa, lazima uwe mwanachama uingie utumie lenzi ya ndani ya grupu, siyo ile ya juu ya Facebook nzima ambayo itakuletea watu wanaoitwa Kuku. Usisome posti tu, dawa ziko kwenye komenti, na hakikisha umechagua komenti zote maana yenyewe inapenda kukuonyesha inazoziona muhimu inaficha zingine.

Ukikosa kabisa

Basi uliza, ni haki yako. Kama kuna uzi wa zamani wa jambo lilelile uendeleze huo badala ya kufungua mpya, waliochangia zamani wanapata taarifa wanarudi, na mods (wasimamizi wa jukwaa) hawatahitaji kuuunganisha uzi wako na wa zamani kwa nguvu. Kama umeandikwa miaka kumi iliyopita na mambo yamebadilika, fungua mpya uweke linki ya ule wa zamani useme umeusoma. Taja ulichosachi na ulichojaribu, hapo hakuna atakayekwambia "tafuta humu".

Na kichwa cha uzi, tafadhali. "Msaada wa haraka wakuu" hakisachiki leo wala kesho, watu mia wamekiandika. Kijaze yale majina yote ambayo wewe yalikusumbua kuyatafuta, dalili na jina la kitaalamu na la mtaani, hata kikiwa kirefu kibaya poa tu: "Kuku chotara wiki 6 wanazungusha shingo, wanaharisha kijani, ni mdondo/kideri au Newcastle? Walipata chanjo ya siku ya 7 tu". Alafu wiki ikiisha rudi uandike ilikuwaje, kuku wangapi wamebaki.